Kitabu Kilichowekwa Mkekani

Enzi zetu pale Tingi, aliyesema amesoma kitabu alitakiwa kuthibitisha. Kila Ijumaa, kabla hatujaruhusiwa kwenda msikitini, mwalimu wa Kiswahili alikusimamisha mbele ya darasa la sita usimulie ulipofikia. Ukibabaisha, hupewi kitabu kingine. Ndiyo maana siku hizi nikifungua kundi letu la simu, la tuliosoma pamoja, na kukuta watu wanatangaza malengo ya mwaka, huyu vitabu arobaini, yule riwaya zote kongwe, mimi nawatazama kwa jicho la pembeni. Vitabu arobaini, mtu ambaye hata ujumbe wa mistari mitatu haumalizi? Na wanetu ndio kabisa. Wanasikiliza muhtasari wa dakika nne huku wanachagua viatu mtandaoni, kisha wanasema wamesoma.

Sisi riwaya ilikuwa moja kwa watu wawili. Mwenzangu alikuwa Zuhura, jirani yetu, binti wa fundi cherehani. Alikaa na kitabu kuanzia Ijumaa, na Jumanne ananikabidhi mimi. Tulipendana sana, ila kwenye kitabu hatukuaminiana hata kidogo. Mimi nilikagua kila ukurasa nikitafuta mafuta ya vitumbua vya mama yake, na yeye alikinusa kama nimekisomea karibu na korosho zinazochomwa. Kilikuwa kimechakaa, nikakivika jalada la gazeti la Kiarabu lililokuja limefungia tende. Niliona kimependeza kuliko vyote darasani.

Jumanne moja nilirudi kutoka kisimani, nikamfuata Zuhura kwao kuuliza kitabu.

"Nilipita kwenu hukuwepo," akasema. "Nimekuwekea mkekani, pale barazani."

Nilirudi mbio. Mkekani hapakuwa na kitu. Nikajiambia, huyu zimembakia kurasa chache, hataki kukiachia. Sikuuliza mtu nyumbani wala sikutafuta. Kesho yake asubuhi nikamshtaki kwa mwalimu.

Zuhura alichapwa viboko vinne, na jina lake likakatwa kwenye orodha ya kuazima vitabu mpaka mwaka uishe. Watoto wakamwita Mla Kitabu. Hakulia. Tukipishana njiani alikuwa ananitazama tu, nami nikaona hata kule kutazama ni ujanja wa mwizi.

Ramadhani ilipoingia, bibi yangu alishusha msahafu kutoka kwenye ubao ulio juu ya mlango wa chumba chake. Pembeni yake akashusha na kifurushi cha kitambaa cheupe.

"Hiki nacho nilikiokota mkekani, kuku wanakikanyaga," akasema. "Maandishi haya hayawekwi chini, mjukuu wangu."

Bibi alijua herufi za Kiarabu tu, tena macho yalikuwa yamechoka. Alipoona lile jalada alikipa kitabu heshima aliyodhani kinastahili, na sisi watoto hatukuruhusiwa kugusa ubao ule bila udhu. Baadaye mjomba alitusomea ile karatasi. Lilikuwa tangazo la sabuni ya unga.

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipomweleza habari za Zuhura, akaacha kucheka. "Nenda kamtake radhi mwenzio leo hii, kabla hujafuturu."

Nikaenda kwa mwalimu badala yake, nikampa kitabu chake. "Kwa hiyo amekirudisha," akasema. Nami nikanyamaza. Jioni nikamwambia bibi kwamba nimeshamwona Zuhura na yameisha. Nimeona aibu kwa kimya kile miaka yote hii.

Wiki iliyopita, katikati ya hayo malengo, mwenzetu mmoja wa Kilwa Masoko akatania kwenye kundi: "Zuhura usitaje lengo lako, wewe si utakila kitabu." Watu wakajibu kwa vikaragosi vya kucheka. Zuhura, ambaye sasa ana duka la vitambaa Somanga, hakujibu. Nikaandika yote mbele ya wote, tangu mkeka mpaka sabuni ya unga, na kile nilichomficha mwalimu.

Jioni Zuhura akanipigia.

"Mwanaidi, mimi nilijua tangu Ramadhani ile ile. Bibi yako alikuja kwetu na bakuli la tambi, akaniomba radhi. Akasema, mjukuu wangu atanidanganya kuwa amekuja, namjua."

Tukacheka wote wawili. Kisha akasema taratibu, "Bibi nilimsamehe siku ile ile. Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja."

Nikamwuliza siku hizi anasoma nini. Akaniambia tangu darasa la sita hajawahi kuazima kitabu cha mtu.

Leo kabati langu limejaa riwaya na halina kufuli. Wajukuu wanapita hapo na simu zao, hakuna anayenyoosha mkono, na wala sina wa kumshuku. Enzi zile tulishukiana kwa sababu kila mmoja wetu alikitaka kitabu, na mambo hayo hayarudi. Juzi nilichagua riwaya moja, nikaifunga vizuri na kumpa kondakta wa basi amfikishie Zuhura Somanga. Imefika, ila hajasema kama ameifungua. Safari hii simwulizi.