Shangazi Alipogawa Dawa ya Kupe

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ukitaka kumuudhi, mpe mtoto mmoja pipi mbele ya mwenzake. Alitulea sisi watoto wa kaka zake kwa mkasi na futi kamba. Mkate aliupima kabla ya kuukata, na kipande cha sabuni vilevile. Hatukuwahi kulala na kinyongo, ingawa mara nyingine tulilala na njaa sawasawa.

Sasa tumekua na kuhama, na nyumbani wamebaki wawili tu wa kugawiwa. Mmoja ni mbwa aitwaye Mgeni, aliyekuja siku moja kunusa kizingiti na mpaka leo hajaaga. Wa pili ni paka, Bibi Harusi, aliyepata jina hilo kwa kulala juu ya gauni jeupe la mteja siku ya kulichukua. Shangazi aliyaondoa manyoya kwa utepe wa gundi, unyoya baada ya unyoya, na wala hakumfokea. Ningekuwa mimi, ningetimuliwa. Wawili hao hulala kwenye kapu moja miguu ikiwa imesokotana, na shangazi huwaita wanangu mbele ya wateja bila aibu.

Jumamosi moja nilienda kumtembelea, nikamkuta ametoka duka la dawa za mifugo na kichupa cha matone. Mgeni alikuwa ameshikwa na kupe nyuma ya sikio. Muuzaji alikuwa ameuliza ukubwa wa mbwa tu, na habari za paka hakuna aliyezigusa. Nikaenda kuoga. Huku nyuma shangazi akatenganisha manyoya ya Mgeni shingoni, akadondosha dawa kwenye ngozi kama fundi kweli. Bibi Harusi akaja akakaa mbele yake, macho kwenye kichupa.

“Haya, na wewe mama,” nilimsikia kutoka bafuni akisema. “Usije ukasema nina upendeleo.”

Akampaka kidogo tu, maana yeye ni mdogo.

Kabla hatujala mchana, masikio ya paka yakaanza kuchezacheza. Kisha miguu ikatetemeka, akajaribu kurukia kiti akaanguka chini puu. Shangazi akakaa sakafuni palepale.

“Amekula nini huyu?” nikauliza.

“Hajala kitu. Nimempaka dawa tu, ileile ya mwenzake.”

Nikaliokota kasha. Ubavuni, kwa maandishi ambayo sisimizi angeyasoma kwa miwani, palikuwa na picha ya paka iliyokatwa kwa mstari mwekundu: kwa mbwa tu, usimpake paka.

Mama wa ghorofa ya juu, ambaye ana tiba ya kila kitu hata kabla hujaugua, tayari alikuwa mlangoni na kikombe cha maziwa. Nikampigia daktari wa mifugo.

“Maziwa hapana, msimlazimishe kumeza chochote,” akasema daktari. “Amepata degedege?”

“Bado, anatetemeka tu.”

“Basi mwosheni sasa hivi. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo. Mkausheni, mfunikeni, mje haraka, hata mkiona amepata nafuu. Kasha la dawa lisibaki nyumbani.”

Tulimwosha kwenye beseni la jikoni. Bibi Harusi mwenye afya angetuchana sura zote mbili, lakini siku hiyo alikubali kila kitu, na hilo ndilo lililonitisha.

Kliniki wakamtundikia dripu na kumpa dawa ya kutuliza mitetemo.

“Nilimpa kidogo sana, daktari,” shangazi akasema. “Nilitaka asijione mnyonge.”

“Mama, paka si mbwa mdogo. Kemikali iliyo kwenye dawa hii mwili wa mbwa unaimudu, wa paka hauiwezi. Kwake hakuna kipimo cha kidogo.”

“Nimemuua?”

“Mmemwahi. Lakini bado sijakuahidi.”

Shangazi alilia waziwazi, mbele ya mzee mmoja na kasuku wake. Nikamshika mkono.

Kesho yake jioni tuliruhusiwa kumchukua. Daktari akatoa onyo moja: Mgeni bado ana dawa shingoni, na paka akimlamba tutarudi kulekule. Watengwe mpaka atakaposema yeye.

Basi Bibi Harusi akawekwa chumbani. Mgeni akafika mlangoni, akanusa upenyo wa chini, akaanza kulia na kukwaruza ubao. Shangazi alipiga magoti koridoni, ufunguo mkononi, akamshika kidevu.

“Nikasirikie tu, mwanangu. Leo wewe utalala nje, mwenzako atalala ndani.”

Kutoka chumbani ikaja sauti nyembamba ya paka, ya kwanza tangu jana. Mgeni akaruka akitikisa mkia. Shangazi akacheka huku machozi yakimtoka, na mlango hakuufungua.