Ufuatiliaji wa Karibu

Saa nne na dakika ishirini asubuhi walisimama mbele ya kibanda changu cha baiskeli, Issenye: mama mmoja mtu mzima na mke wa mwanawe, mjamzito. Mama alikuwa ameshika karatasi. Najua saa kwa sababu huandika saa ya kila kazi inayoingia, na kusomea watu karatasi za Kiingereza ilikuwa kazi kama kuziba pancha.

Niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi moja isiyo na jalada na madaftari manne, neno kwa neno, nikiwa nimekaa juu ya kasha la spana. Maneno yangu karibu yote nayajua kwa macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tusomee, fundi. Ikisema twende Mugumu hospitali, tunakwenda. Ikisema turudi nyumbani, tunarudi. Huyu miguu imevimba, hata ndala hazimwingii."

Mjamzito alikuwa ametoka kumtembelea dada yake ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Kenya. Alipopimwa huko, daktari alizungumza na dada kwa Kiingereza, yeye akapewa karatasi tu. Aliniambia hayo akiwa ameinama kwenye benchi, kiganja kimeshika paji la uso.

Karatasi ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza jina lake. Wa pili tarakimu za presha, ambazo sikujua kama ni za kutisha au za kawaida. Wa tatu ulisema: "Close monitoring till delivery."

Nilikuwa na kanuni niliyoitunga mwenyewe. Neno la kitendo likianza mstari, hiyo ni amri. Linalofuata likiishia na "ing", ndilo jambo lenyewe. "Stop smoking": acha kuvuta sigara. Nilikuwa nimeijaribu kwenye mabango na kwenye maboksi ya dawa za mifugo, haijawahi kuniangusha. Na "close" nani asiyeijua? Imeandikwa kwenye milango ya maduka.

Nikawasomea: "Fungeni ufuatiliaji mpaka atakapojifungua."

"Maana yake?"

"Wamemaliza kumpima. Asubiri siku yake."

Mama alicheka, akampiga mwenzake begani. "Nilisema mimi! Nyie wa siku hizi, kichwa kikigonga kidogo tu, hospitali. Mimi nimezaa saba." Akaniachia elfu moja ya soda. Walipanda bodaboda, wote wawili nyuma ya dereva, wakashika njia ya Busawe.

Huwa sifungi kazi ya kusoma kabla sijaiandika daftarini. Saa sita kasorobo, nilipomaliza gurudumu lililokuwa mkononi, nilifungua ukurasa wa herufi C niandike sentensi ile. Juu yake, kwa mwandiko wangu wa miaka ya nyuma, palikuwa na maneno haya: "close friend, rafiki wa karibu."

Nililitazama neno. Ni lilelile, na limeanza vilevile. Kwa kanuni yangu ningesoma "funga rafiki".

Nilichukua kamusi. Maana ya kufunga ilikuwa mwisho wa ukurasa. Upande wa pili ulikuwa umegandana na unaofuata kwa grisi ya vidole vyangu. Niliuachanisha kwa ncha ya bisibisi. Hapo palikuwa na maana nyingine: karibu, ya jirani, ya uangalifu mkubwa.

Ufuatiliaji wa karibu mpaka atakapojifungua. Asiachwe. Nami nilikuwa nimewaambia wamwache.

Nilisimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita.

"Fundi, leo unamkimbiza nani?" dereva aliuliza. "Mdeni au mke?"

"Nimesoma vibaya."

"Umesoma nini?"

"Endesha, bwana."

Hakutania tena. Njia nzima nilihesabu: saa moja na nusu tangu waondoke. Tulipofika Busawe tuliulizia nyumba mara mbili. Nilipiga hodi nikiwa bado natembea.

"Karibu!" mama aliitika kutoka jikoni, na neno hilo lilinichoma. Kwetu neno la ujirani hufungua mlango. Katika Kiingereza linaandikwa sawasawa na la kuufunga.

"Nilikosea, mama. Karatasi inasema apimwe kila wakati. Twende Mugumu sasa hivi."

Alifuta mikono polepole. "Asubuhi inasema hivi, mchana inasema vile. Hiyo ni karatasi au kinyonga?"

"Karatasi ni ileile. Kinyonga ni mimi."

"Na kesho utakuja na ya tatu?"

Kutoka ndani sauti ya mjamzito ilisema, "Mama, twende. Naona vimulimuli, na kichwa kinapasuka."

Mama alinitazama, kisha akaingia ndani mbio kutafuta kanga.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Hospitalini nesi alimpima, akasubiri kidogo, akampima tena. Hakusema tarakimu. Aliita mwenzake walete kitanda, ndipo akatugeukia.

"Nani aliwaambia arudi nyumbani na presha hii?"

Mama alikaza fundo la kanga. Angeweza kunitaja.

"Mimi," nilisema.

"Wewe ni nani wake?"

"Fundi baiskeli."

Aliitazama grisi mikononi mwangu, akakisukuma kitanda ndani. Tulikaa nje mpaka saa kumi na moja jioni. Tukiwa hapo mama aliniambia: "Ungenyamaza leo asubuhi, tungekuja moja kwa moja." Ilikuwa kweli. Nilimrudishia elfu moja yake, akaipokea bila kuniangalia.

Mkwewe alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, na wote wawili wakapona. Mimi nilifuta kanuni yangu kwa mistari miwili ya wino. Siku hizi karatasi ya hospitali siisomi. Namwelekeza mwenye nayo kwa nesi.

Kesho yake nilikuta kibanda wazi kama nilivyokiacha, pampu haipo. Kwa haraka ya neno lile sikukumbuka kufunga. Nauli ya pikipiki, kwenda na kurudi, shilingi elfu kumi na nane. Pampu, elfu kumi na tano. Ile elfu moja sikuiandika, haikuwa yangu. Jumla niliyopoteza: shilingi elfu thelathini na tatu.