Mazuku ya kinywani

Leo asubuhi nimekwangua ulimi wa binti yangu kwa kijiko, nikakinusa. Yai bovu. Harufu ileile.

Nilikuwa darasa la pili. Mwalimu aliinama aangalie nilichoandika kwenye kaye yangu, akaziba pua. "Huyu mutoto anapumua mazuku!" Darasa zima likacheka. Huku kwetu Goma, mazuku ni ile hewa inayotoka ardhini na kuua mbuzi mabondeni. Nilijua inaua hata watoto. Kwa hiyo nilipopewa mdogo wangu nimbebe, nilimweka chini, nikakaa mbali naye. Akalia.

"Sababu gani unatupa mutoto?" mama akafoka.

"Nitamuua, mama. Niko na mazuku mu kinywa."

Hakucheka. Alichukua kijiko, akakwangua ulimi wangu mpaka nyuma kabisa. Ukatoka uchafu mweupe. "Mazuku yako ndiyo haya. Vidudu vinakula mabaki ya chakula, vinatoa gesi ya kunuka. Meno unasugua, ulimi unauacha."

Nikasukutua kwa maji ya chumvi. Akaleta uso wake hadi pua zetu zikagusana.

"Pumua."

Nikakataa.

"Pumua, nakuambia!"

Nikapumua. Akaivuta pumzi yangu, asife, kisha akanipa mdogo wangu mikononi.

Jana binti yangu alirudi nyumbani ameziba mdomo kwa kiganja. Mwalimu wake amemhamishia benchi la nyuma, eti ananuka. Leo nimeleta uso wangu karibu na wake, naye amepumua. Sasa tunaenda shuleni pamoja. Kijiko nimekitia mfukoni, na huyo mwalimu naye atatoa ulimi.