Koti la Muuguzi

Juzi nilikuwa kwa fundi wa nguo mjini Kakamega, nikisubiri suruali yangu, wakati mzee mmoja alipoingia na binti yake anayesoma chuo kikuu.

"Fundi, pimia huyu koti ya daktari," mzee alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Binti alitazama chini. "Baba, nilikwambia ukadhani ni mzaha. Mimi nasomea uuguzi."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani.

"Chuo kikuu yote hiyo, halafu uuguzi?" mzee aliuliza. "Na watu nimewaambianga wewe ni daktari!"

"Ulipolazwa na malaria, daktari alikaa na wewe?"

"Alikuja asubuhi, akaandika dawa, akaenda."

"Na dawa ilipokukataa, nani aliona, akakimbia kumwita?"

Mzee alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Yule mama," alisema polepole. "Alinishika kichwa nikitapika, kama mtoto wake."

"Basi hiyo ndiyo kazi ninayosomea, baba."

Fundi alikohoa. "Sasa nishone gani?"

"Shona ya muuguzi," mzee alijibu. "Lakini ikae vizuri."

Mlangoni walikutana na jirani yao, akamnyooshea binti mkono. "Daktari wetu!"

Mzee alimwahi binti kujibu. "Si daktari. Ni muuguzi. Muuguzi wa digrii!"

Hiyo digrii aliikaza kupita kiasi, lakini tumwachie. Kumshusha mwanao cheo ulichompa mwenyewe, tena mbele ya jirani, si jambo dogo.