Tjeerd na Mnada wa Springi

Tjeerd Wiersma alianza kujisikia siku ile ile alipopewa meza ya ununuzi katika kiwanda cha baiskeli pale Heerenveen. Enzi hizo mnunuzi alilazimika kuwajua watu. Ukitaka minyororo, unampigia simu mwenye minyororo, unamuuliza hali ya mama yake, na ukimtembelea unakunywa kahawa yake mbaya. Tjeerd aliichukia kahawa hiyo, na watu wenyewe aliwachukia zaidi. Ilipokuja teleksi, mashine ya kutumiana maandishi, alifurahi kwa sababu haikuwa na sauti. Ilipokuja faksi alifurahi zaidi, maana aliweza kumkatalia mtu bei kisha akaenda zake kula. Kila mashine mpya ilimwondolea binadamu wa kusalimiana naye, na hayo ndiyo aliyoyaita maendeleo.

Halafu ukaja mnada wa kwenye kompyuta. Wauzaji wote wanaingia kwa pamoja, kila mmoja ni namba tu, na anayeshusha bei kuliko wenzake ndiye anayepata kazi. Tjeerd mwenyewe ndiye aliyeshikilia kwamba majina yafichwe. Alisema urafiki unapandisha bei, utadhani aliwahi kuwa na rafiki.

Mwaka ule zilipigwa mnada springi za viti vya baiskeli. Douwe, mume wa dada yake mdogo, alikuwa akikiuzia kiwanda springi hizo tangu enzi za simu, kutoka karakana aliyoachiwa na baba yake. Tjeerd alijua shemeji yake yumo mnadani. Hakujisumbua kujiuliza ni namba ipi. Namba sita iliposhusha bei, aliandika: bado juu. Ikashusha tena. Bado juu. Huku anatafuna mkate wake wa jibini na kucheka peke yake. Mwishowe kazi ilichukuliwa na kiwanda cha ng'ambo.

Jumapili ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Froukje, dada yake huyo. Wageni walikaa duara, na Tjeerd, kama ilivyo desturi ya kwao, akazunguka akiwapa mkono na kuwapongeza mmoja mmoja, hata mama mkwe wa Froukje. Akapewa kipande chake cha keki. Mtu mwenye haya angekula akanyamaza.

"Wiki hii nimemkamua mtu, jamani!" alisema. "Namba sita. Namwambia bado juu, anashuka. Bado, anashuka! Bwege yule angeniuzia hata suruali yake!"

Wawili watatu wakacheka.

"Suruali bado ninayo, shemeji," alisema Douwe. "Karakana ndiyo nimeifunga."

"Wewe? Si ungenipigia simu!"

"Nilipiga. Nikaambiwa niandike kwenye kompyuta."

Froukje aliweka chini birika. "Kaka, ulijua kama yumo?"

"Nilijua yumo, sikujua ni yupi! Mfumo ndivyo ulivyo, Froukje. Mimi ningefanyaje?"

Alijitetea hivyo, mdomo umejaa krimu. Hakuomba radhi. Aliomba kahawa nyingine.

Froukje hakumpa. Alichukua kalamu, akaingia chooni, ambako kwa desturi yao hutundikwa kalenda ya siku za kuzaliwa za ndugu na jamaa. Tjeerd alipokwenda haja baadaye, aliikuta kalenda imefunuliwa Novemba, mwezi aliozaliwa yeye, na jina lake limekatwa kwa mistari miwili. Akanawa mikono, akaaga, akaondoka akilalamika kwamba wanawake hawaelewi biashara.

Novemba, siku yake ilipofika, alinunua keki nzima, akapanga viti duara sebuleni, akachemsha kahawa. Hakuja mtu, wala simu haikulia.