Maharagwe Mahali pa Nyasi

Mama alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi anarudi Othaya, na nilijua akirudi ataishi peke yake kwenye ule mteremko uliomvunja nyonga. Daktari alitaka atembee kila siku mahali tambarare. Uwanja wangu hapa Nyeri ulikuwa kokoto na vipande vya matofali walivyoacha mafundi, kwa hiyo nikaagiza nyasi, zile zinazoletwa kutoka Nanyuki zimekunjwa kama mikeka.

"Maisha yangu yote nimeng'oa nyasi," aliniambia, "na wewe unazinunua?"

Nilikuwa nimeshasoma kuhusu jambo hilo, na mtu wa chuo kikuu akishasoma haambiliki. Nililima, nikaokota mawe, nikafuata mizizi ya thangari, yale magugu yasiyokufa, chini kwa chini, nikachanganya samadi, nikasawazisha kwa reki na ubao mpaka mgongo ukagoma. Ijumaa asubuhi udongo ulikuwa mweusi, laini, umelala sawa kabisa. Nikatoka kwenda barabarani kulielekeza lori.

Kosa langu ni hilo: kuacha udongo kama ule wazi, mvua ikinukia, karibu na mwanamke wa Othaya.

Niliporudi, lori likiwa nyuma yangu, Mama alikuwa katikati ya uwanja, ameinama, miguu imenyooka, mbegu zimefungwa kwenye leso kiunoni. Mkongojo wake uliegemea ukuta, mbali.

"Mama!"

"Usikanyage hapo, baba. Nimepanda."

Ananiita baba kwa kuwa nina jina la baba yake. Hunikumbusha cheo hicho anapotaka nitii.

"Toka basi, tafadhali."

Akautazama mkongojo kule ukutani. Kisha, kwa sauti ndogo, "Mguu umekataa."

Nikamkimbilia, nikamshika kiuno. Alijaribu hatua moja. Kiatu kikazama katika ulaini wote nilioutengeneza, akayumba, kucha zake zikaingia mkononi mwangu. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka.

"Leta nyasi!" nikamwita dereva. "Zitandaze mpaka hapa!"

"Kwa mstari upi, bosi?"

"Wowote!"

"Si wowote!" Mama akafoka. "Hapo kuna maharagwe. Apitie kando."

Akapitia kando. Ikatoka njia ya kijani iliyopinda vibaya, na Mama akaipanda, mguu mmoja, kisha ule mwingine, amening'inia begani mwangu. Katikati alisimama. Nilidhani anaanguka. Kumbe alikuwa anabonyeza nyasi kwa kisigino.

"Angalau hazitelezi," alisema.

Kibarazani, mvua ikipiga mabati, nilisubiri aseme habari ya Jumamosi. Alikuwa anatazama uwanja.

"Yakiota, njiwa watayamaliza. Utayachunga wewe?"

"Mimi niko kazini, Mama."

"Si ndiyo nasema. Othaya itangoja."

Nikavaa koti, nikaenda kumwambia dereva nyasi zilizobaki azishushe nyuma ya nyumba.