Mchi wa Bibi na Neno Lililozidi

Juzi mtangazaji mmoja wa redio, kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha, aliniuliza nani alinifundisha kuchana mistari ya rap. Alitegemea nimtajie wakali wa ng'ambo. Nikamwambia ni bibi yangu wa Kasulu, pamoja na jirani aliyekuwa akigombana naye. Akacheka, kisha akaweka tangazo la sabuni. Basi ngoja nikusimulie wewe, maana yeye hakunipa nafasi.

Mama alikuwa akifanya biashara ya vitenge kule Manyovu, mpakani, kwa hiyo mimi nililelewa na bibi, nje kidogo ya mji, kwenye mteremko wa udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unaushuka kwa makalio, utake usitake. Kila alasiri nikitoka shule tulitwanga muhogo mkavu, watu wawili kinu kimoja. Yeye akipandisha, mimi nashusha. Nikikosea, michi inagongana na meno yanatikisika. Nami nilikuwa mtoto wa maneno, sikuweza kutwanga kimya. Bibi akanipa sheria moja: "Ukitaka kusema, sema mchi ukiwa juu. Ukishuka, funga mdomo, la sivyo utakula unga kabla ya ugali." Leo nikiwa studio watu hunisifu kwa kujua kupumua. Ni woga wa vumbi tu.

Jirani naye alikuwa na kinu chake, ng'ambo ya ua wa minyaa, na alikuwa na beberu asiyeheshimu mipaka. Hapo ndipo palipokuwa na burudani. Bibi alianza bila kuacha kutwanga: "Beberu wako kasoma wapi, mbona anaujua mlango wangu?" Tu! Mchi unashuka. Jirani anajibu kwa mapigo yaleyale: "Kafuata harufu, kwako kila siku maharage yanaungua!" Tu! Kina mama waliotoka sokoni walitua mizigo njiani wasikilize, na aliyejibu vizuri alipigiwa makofi hata na waliokuwa upande wa mwenzake. Wakichoka, jirani alipitisha kikombe juu ya ua kuomba mawese, na bibi alikijaza mpaka juu. Nilidhani ndivyo watu wazima wanavyopendana.

Maneno mengine niliyaokota sokoni, kwa mama mmoja wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi, aliyepanga vitambaa chini na kuita: "Mama, karibia! Hii kuler haiko na ndugu!" Nilirudi nyumbani nikilirudia hilo "kuler", yaani rangi kwa Kifaransa chake, mpaka bibi akatishia kunifungia bandani na kuku.

Nilipokuwa darasa la saba, ofisa elimu akaja kutembelea shule yetu. Mwalimu wa Kiswahili alitunga shairi la beti nane, akanichagua mimi nilighani. "Karibu mgeni wetu, karibu shuleni kwetu," nilianza, sauti imetulia kama ya kanisani. Ubeti wa tatu ulipoisha, wa nne haukuja. Nilimwona mwalimu akitikisa midomo kunisaidia, lakini nilichosikia ni moyo wangu ukipiga tu, tu, tu, kama mchi. Mguu ukaanza kuufuata. Wanafunzi wakadhani ni sehemu ya shairi, wakapiga makofi. Nami nikafungua mdomo:

"Mgeni wataka choo, paa lake ni mawingu!
Ndoo ya mwalimu wetu, imeumiza sana shingo yangu!"

Shule nzima ikalipuka. Mgeni naye alicheka mpaka akavua kofia, halafu akasimama, akaomba aonyeshwe hicho choo. Mwalimu mkuu, mwenye ile ndoo ya maji tuliyombebea kila siku, hakucheka. Jioni niliambiwa nisikanyage darasani mpaka nije na mzazi, na mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebaki wiki chache.

Sikulala vizuri. Asubuhi bibi alivaa kitenge chake cha harusi za watu, akamchukua na jirani awe shahidi, tukaenda. Salamu za Kiha peke yake zilichukua muda mrefu: mwakeye ya mwalimu, ya mkewe, ya ng'ombe, ya mashamba. Ndipo mwalimu mkuu akaeleza kosa langu.

"Ego," bibi akakubali kwa Kiha. "Sasa aseme hayo maneno, niyasikie."

Nikayasema. Bibi alikuwa akigonga sakafu kwa fimbo. Mstari wa kwanza ukapita. Kwenye wa pili fimbo ikabaki hewani.

"Rudia."

Nikarudia. Akakunja uso kama aliyeuma jiwe kwenye maharage.

"Mwalimu, una haki ya kukasirika," akasema. "Mtoto kaharibu. Hiyo 'sana' inatafuta nini humo ndani?"

"Mimi naona ibaki," jirani akadakia. "Shingo iliuma sana."

"Iliuma wewe ukiwa wapi? 'Yaumiza shingo yangu'! Inatosha!"

"Bila 'sana' nani atakuhurumia?"

Wakaanza, mle ofisini, kana kwamba ua wa minyaa ulikuwa katikati ya meza. Mwalimu mkuu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa mlangoni, alihesabu mizani kwa vidole, kisha akasema taratibu, "Mkuu, huyu bibi yuko sahihi. Nane kwa nane." Hapo mwalimu mkuu akainamisha kichwa mezani, na mabega yake yakaanza kucheka kabla yake.

Nilifyeka majani wiki nzima, kisha nikafanya mtihani. Choo kilipata bati. Mwalimu mkuu akaanza kubeba maji mwenyewe kwa baiskeli, na wapo walioapa kwamba walimsikia akiimba njiani, bila "sana." Mpaka leo nikimaliza kuandika, narudi kutafuta neno la kutoa.

Wimbo wangu wa kwanza nilimpelekea bibi kwenye simu. Aliiweka sikioni, akasikiliza mpaka mwisho. "Huyu anayepiga ngoma hachoki?" akauliza. Nikamwambia ni mashine. "Hata kama. Mpe apumzike kidogo." Masika yaliyofuata tulimzika.

Siku hizi mtaa ule unasaga kwa mashine ya dizeli. Minyaa imeng'olewa, umejengwa ukuta wa tofali ambao hata kikombe hakipiti. Jirani alihamia Kibondo kwa binti yake. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia, nikamkuta kwenye kiti cha plastiki, safi, ameshiba, amenyamaza. Nikamuuliza kama wanamtunza vizuri.

"Wananitunza," akasema, akatazama nyumba ya pili, geti limefungwa. "Lakini watu wa hapa ni wapole, mjukuu wangu. Tangu nije sijapata hata mmoja wa kugombana naye."